Mwembamba wa Upande wa Kushoto

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa samaki wa ndagala kabla hawajalisoma, habari zangu kwa kifupi ni hizi. Mimi ni Dieumerci, mwembamba tangu kuzaliwa, mzima tangu kuzaliwa. Bandarini walinifukuza, kwenye duka la misumari wakanifukuza, nikaokotwa na Papa Aristide, mwenye Sirop Kiboko, dawa ya maji ya kunenepesha. Kazi yangu ni kutangaza sirop hiyo kwa megafoni sokoni, na saa sita mchana redioni, tena kwa kuchekesha.

Matangazo yenyewe sikuyatunga. Yaliniangukia. Ninapanga chumba katika nyumba moja ya zamani ya reli, na mvua kubwa ilipobomoa dari, likashuka furushi la magazeti ya Wazungu, ya wakati mababu zetu walipokuwa bado wanapanga mataruma ya reli. Kila ukurasa, kichekesho juu, dawa chini. Mzungu amekonda kama ufito, na pembeni yake Mzungu yule yule amenona, masharubu yamesimama. Bibi mmoja anashukuru vidonge: mume wake karudi kutoka safari, hakumtambua, akamtongoza upya. Profesa mwenye ndevu anauza mshipi wa umeme unaoponya mgongo, kiungulia na huzuni.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaelewa. Muntu akicheka, kinywa kinafunguka. Kinywa kikifunguka, kijiko kinaingia.

Papa Aristide alipenda zaidi ile ya picha mbili. Upande wa kushoto ulihitaji mtu aliyekonda. Akaniangalia. Upande wa kulia akapigwa picha Seifu, mchukuzi wa saruji ya Kabimba, kifua kama kabati, ambaye sirop hiyo hajaionja hata tone. Chini yangu wakaandika AVANT, yaani kabla. Chini ya Seifu, APRÈS, yaani baada. Juu yetu wote: MTU NI YULE YULE.

Seifu ni mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima na ana pengo la meno ya mbele. Kalemie nzima hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo mliponiacha, nimebandikwa kwenye afishi za ukutani kutoka sokoni mpaka Kataki.

Sasa sikieni ubaya wa kubandikwa.

Asubuhi yake tu jina langu lilikufa. Mama wa mikate akaniita, "Avant, umeamkaje? Ulipata usingizi kidogo?" Dereva wa pikipiki akakataa kunibeba, akasema barabara ina mashimo na hataki kesi ya mifupa ya watu. Kanisani wakaniombea bila kuniuliza. Seifu, kwa upande wake, akawa Papa Après, wanaume wanamgusa mabega, na yeye anapokea sifa bila aibu.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "si uwaambie basi kwamba ile nguvu ni ya saruji."

"Niwaambie ili iweje? Saruji nimebeba miaka yote hii, nani alinisifu?"

Yote hayo ningeyameza. Lakini nilikuwa na Arlette.

Arlette ni fundi cherehani wa Lubuye, anacheka kwa mabega kwanza, sauti inafuata baadaye. Tulikuwa tumeshapanga niende kwao kujitambulisha. Jumamosi ya wiki ile ile, afishi ikiwa bado inanuka gundi, nikaingia sebuleni kwao na watu wangu nyuma. Baba yake, Papa Onésime, mstaafu wa reli, alikuwa amekaa wima kama anangoja treni. Mama yake, Mama Olga, alikuwa ananitabasamia kwa huruma. Na katikati yao akakaa Tantine Léonie, dada ya baba, ambaye hana cheo chochote katika ukoo isipokuwa kwamba wote wanamwogopa.

Hakungoja soda zifunguliwe.

"Njo wewe wa kwenye picha?"

"Njo mimi, Tantine."

"Wa kushoto."

"Wa kushoto."

"Sisi hatuozeshe mutoto kwa mugonjwa. Mutoto wetu hakusoma kazi ya kufanya mujane."

Arlette akanitazama. Yeye alijua sijawahi kuugua hata mafua. Ningesema kweli: kwamba ninalipwa kudanganya mji mzima. Sasa baba gani anampa binti yake mtu wa namna hiyo? Ugonjwa ulikuwa na heshima zaidi.

"Tantine," nikasema, "nilikuwa mugonjwa. Nilikunywa Kiboko. Nimepona kabisa."

Tantine akanipima toka viatu mpaka nywele. "Umepona, mbona bado uko hivi?"

"Ungeniona kabla. Ile picha walinipiga siku ya nafuu."

"Na yule munene wa kulia?"

"Yule njo mimi wa mwezi ujao. Dawa inaanza na mifupa, Tantine. Nyama inakuja ya mwisho."

Mabega ya Arlette yalianza kutikisika, akakimbilia jikoni. Papa Onésime akakohoa. Mama Olga akaunganisha mikono yake kifuani, macho yamemjaa maji.

"Mungu ni mukubwa," akasema. "Léonie, muache mutoto akule."

Tukala bukari, ule ugali wetu, na samaki wa mikebuka. Nikala kama mtu aliyepona. Nilitoka pale nimekubaliwa, nikapita mbele ya afishi yangu nikaipigia saluti.

Hiyo saluti nimeijutia.

Siku chache baadaye nilikuwa sokoni na megafoni, nimefika pale kwenye tangazo ambapo kiboko wa ziwani anaiba chupa ya sirop, Arlette akatokea katikati ya wateja. Hakuwa anacheka hata kwa mabega. Akanivuta nyuma ya meza ya sabuni.

"Mama ameacha sindano."

"Sindano gani?"

"Dieumerci. Sindano ya sukari. Si nilikuambia mama eko na sukari?"

Alikuwa ameniambia. Nilikuwa nimecheka kitu kingine siku hiyo.

"Ameacha tangu Jumamosi," akasema. "Anakunywa Kiboko yako. Asubuhi vijiko vitatu, mangaribi vijiko vitatu. Nikimuambia, ananijibu: mukwe wangu alikuwa maiti, leo anakula bukari kushinda papa yako. Ile sirop iko na nini ndani?"

Nilimwambia, kwa sababu chungu huwa nakikoroga mimi mwenyewe. Maji. Majani ya mchaichai. Na sukari ya kuunguza, nyingi mno, ndiyo inaleta ile rangi ya dawa.

Arlette akakaa juu ya katoni ya sabuni.

"Unamupatia mama yangu sukari."

"Mimi sikumpatia. Yeye alini..."

"Uende umwambie. Leo."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Mama Olga alikuwa barazani anachambua majani ya sombe, kikombe cha maji pembeni, na kando ya kikombe ndoo, na maji ya ndoo yalikuwa karibu kuisha. Tantine Léonie alikuwa anamsaidia kwa kuongea.

Nikapiga magoti. Sikutaka kupiga magoti, lakini miguu ilikuwa na haraka kunishinda.

"Mama, nilidanganya. Sikuwahi kuugua. Ile sirop ni maji na sukari. Wewe usiiguse. Rudia sindano yako."

Mama Olga akaniangalia, midomo imekauka. Kisha tumbo lake likaanza kucheka kabla yake.

"Léonie, umesikia huyu? Ati ni maji na sukari."

"Mama, si mchezo."

"Na kiboko aliyeiba chupa? Naye alikuwa na kiu tu?" Akapangusa machozi kwa kitenge. "Huyu mutoto ataniua kwa kicheko."

Tantine Léonie hakucheka. Yeye alikuwa ameshaelewa zaidi ya nilivyosema.

"Olga, usicheke, angalia vizuri. Muntu akipona, anaficha muti uliomuponya. Marehemu muganga wa kwetu hakuonyesha muntu mizizi yake mpaka anakufa. Huyu amepona, sasa anafunga njia kwa wengine. Anataka anenepe peke yake."

"Tantine, naapa..."

"Mukwe bado hajaoa, ameshaanza kuwa na choyo," akasema, akampelekea wifi yake kijiko cha sirop.

Papa Onésime alikuwa ndani anasikiliza redio. Aliniambia kitu kimoja tu nilipokuwa natoka, taratibu, kama anampa mtu njia. "Mama Olga anakusadiki wewe kuliko daktari. Anakusadiki kupitia redio. Uende useme hukohuko."

Nikaona amesema sawa. Kesho yake saa sita, baada ya matangazo ya misiba na kabla ya bei za mihogo, ukafika wakati wangu. Nikaisogelea maikrofoni. Sikuweka kiboko, sikuweka mlio wa chura, sikubadili sauti.

"Ndugu wasikilizaji," nikasema, "hapa ni Dieumerci, yule wa kushoto. Sirop Kiboko haiponyeshi kitu. Ni maji, mchaichai na sukari iliyoungua. Mimi sikuwa mgonjwa. Yule wa kulia si mimi, ni Seifu wa saruji. Mwenye ugonjwa wa sukari akiinywa, anaweza kufa. Muimwage. Murudie dawa za lopitali."

Fundi wa mitambo alikuwa amelala juu ya meza. Nikadhani amezimia kwa mshtuko. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi.

"Avant," akasema alipoipata, "hii ni ya juu. Hii umezishinda zote. Ule uso wa msiba uliupata wapi?"

Simu ikaanza kulia. Mtu wa Kituku anaomba irudiwe. Mwalimu mmoja anasema watoto wamecheka mpaka darasa limevunjika. Mama mmoja anauliza hiyo mpya ya sukari iliyoungua inauzwa wapi, ni tamu kuliko ile ya kwanza?

Nilipofika sokoni, meza yetu ilikuwa tupu. Papa Aristide akanikumbatia mbele ya watu. Tangu nianze kazi kwake hajawahi kunishika hata mkono.

"Mwanangu, wewe ni fundi. Kumwambia muntu kwamba ni maji. Nani angewaza? Sasa kila mumoja anataka kujua hayo maji yako na nini."

"Papa Aristide, yako na sukari. Nimesema kweli."

"Kabisa. Na uso usiubadilishe, sema hivyo hivyo." Akamgeukia mpiga chapa wake. "Kwenye chupa mpya uandike kwa wino mwekundu: HAIPONYESHI KITU. Maandishi makubwa."

Nikaacha kazi pale pale. Akacheka hiyo pia.

Basi wasomaji wangu, nimepigwa na nahodha, nimepigwa na mwenye nyumba, na hata mbuzi ameshanipiga. Lakini sijawahi kupigwa na kicheko. Kicheko hakiachi alama, na huna pa kwenda kushitaki.

Mama Olga alianguka akiwa anateka maji, mchana, mbele ya majirani. Alikuwa ameamka na kiu, akanywa, akakojoa, akanywa, mpaka akaanza kumwita Arlette kwa jina la mama yake mwenyewe. Wakambeba kwa pikipiki, katikati ya dereva na Papa Onésime, mpaka lopitali. Dereva alikuwa yule aliyenikataa. Safari hii hakusema kitu juu ya mashimo.

Nilifika nikakuta wamemtundikia maji ya mshipa, akili imemrudia kidogo, na ukaidi umemrudia wote. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amesimama na sindano mkononi.

"Hataki," akaniambia. "Anasema atachomwa sindano kama mukwe wake akisema. Sasa wewe njo mukwe?"

Papa Onésime alikuwa upande wa kichwa, Arlette upande wa miguu. Tantine Léonie alikuwa amekaa chini kwenye kona, mdomo umefungwa. Tangu nimfahamu, ni mara ya kwanza.

"Mama," nikasema, "hiyo sindano njo dawa. Sirop ilikuwa uongo wangu."

Midomo ya Mama Olga ikajaribu kucheka, ikapasuka. "Ile ya redio," akanong'ona. "Irudie. Pale kwenye Seifu."

"Mama, sikuchekeshi."

"Njo hivyo hivyo ulisema."

Wanawake wa vitanda vingine vya salle, wodi ile, walikuwa wameshageuza vichwa. Mmoja mwenye mguu wa plasta akamwambia jirani yake, "Njo Avant mwenyewe. Ngoja usikie." Wakatulia kama watu waliolipa kiingilio.

Muuguzi akanisogelea sikioni. "Saa inakwenda. Maji peke yake hayatamtosha."

Nikamwangalia Arlette. Arlette alikuwa anaiangalia sindano.

Nifanye nini? Kweli nilishaisema kwa magoti, nikaisema kwa maikrofoni, nikaisema sasa kitandani, na mara zote tatu wamenishangilia. Nikavuta pumzi. Nikapanda juu ya stuli. Nikatoa ile sauti ya sokoni.

"Mabibi na mabwana wa salle ya wanawake. Kulikuwa na mama mumoja wa Lubuye, jina lake nalificha, herufi ya kwanza ni Olga. Kiu yake iliwaogopesha watu wa Lukuga. Alikuwa akiinama ziwani kunywa, ndagala wanapiga kelele: mama, tuachie hata matope. Watu wa Kigoma wakaandika malalamiko: mbona ufuko unasogea? Boti zikakaa juu ya mchanga. Nahodha akamwuliza, mama, ulikuwa unakunywa nini? Akajibu, nilikuwa nakunywa sirop ya mukwe wangu, mujinga mumoja mwembamba."

Mwenye plasta alikuwa ameshika kitanda. Mama Olga alikuwa anatikisika, kidogo kidogo, mirija ikitikisika naye.

"Akakuja mama muuguzi na sindano ndogo, ndogo kama mwiba wa mikebuka. Akachoma mara moja. Ziwa likarudi. Samaki wakarudi. Mume wake akaingia, akamwona, hakumtambua. Akamuliza: bibi, umeolewa? Papa Onésime, si ulimuliza?"

Papa Onésime alikuwa amekaa wima. Mzee wa reli, hajui mchezo. Akavua kofia.

"Nilimuliza," akasema.

"Na yeye akakujibu nini?"

Mama Olga ndiye aliyejibu, macho ameyafumba, mkono ameunyoosha kwa muuguzi.

"Nilimujibu nitafikiri," akasema.

Sindano ikaingia.

Salle nzima ikapiga makofi. Mwenye mguu wa plasta akamwambia muuguzi kwamba na yeye anaitaka ile ile ya ziwa, si zile za mguu alizopewa jana. Aliyefuata akasema kama haitoshi kwa wote, waanze na wazee. Muuguzi akawaambia wenye sukari watapata na wasio na sukari walale, na akanitazama juu ya miwani kwa namna ambayo sikuweza kujua ni shukrani au ni ripoti.

Nilishuka kwenye stuli. Nilidhani Arlette atanishika mkono. Aliniambia, "Toka nje."

Tukasimama barazani, kwenye ukuta wa watu wanaongoja. Nguo za wagonjwa zilikuwa zimeanikwa juu ya nyasi.

"Umemwokoa," akasema.

"Ameokolewa na sindano."

"Acha. Nakushukuru. Mimi pia nina kosa, siku ile nilikimbilia jikoni kucheka, ningekaa niseme hapana." Akafuta uso kwa mikono miwili. "Lakini sikia, Dieumerci. Ulivyomdanganya ili anywe sukari, na ulivyomdanganya leo ili achomwe sindano, ni sauti ile ile. Nilikuwa nakuangalia mdomo. Haukubadilika hata kidogo."

"Leo ilikuwa kwa wema."

"Najua. Ndiyo inaniogopesha." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali hasira, nimeizoea. "Siku ulinikuta kwenye cherehani, ukaniambia mambo, nikacheka, nikakupenda. Sasa nakaa najiuliza: yale maneno yalikuwa yako ama yalianguka kutoka dari? Mimi pia nilifungua kinywa."

Nikaokota shuka lililopeperushwa na upepo, nikalitandaza tena juu ya nyasi.

"Niambie neno moja," akasema. "Moja tu, lisilo tangazo. Mambo ya kuchekesha usiweke. Kisha nitajua."

Nililijua neno lenyewe. Lilikuwa pale kifuani, limekaa tangu siku ile ya cherehani, halina gazeti wala profesa. Nikafungua kinywa.

"Arlette wa Lubuye," nikasikia sauti yangu inaanza, "kabla sijakujua, mimi nilikuwa..."

Nikanyamaza. Na yeye alikuwa ameisikia, ile sauti ya tangazo. Kabla, na baada. Kushoto, na kulia. Nilikuwa namaanisha kila silabi, na ilitoka imebandikwa gundi.

Mlango wa salle ukafunguka, Papa Onésime akatoka, kofia mkononi.

"Ndugu za mama yako wa Kongolo wameshuka treni leo," akamwambia Arlette. "Wako getini. Wamesikia dada yao alipewa sumu na muntu mumoja, na wanamutafuta. Mimi sijui niwaambie huyu ni nani kwetu. Ni mukwe, ama ni yule wa sirop? Wewe useme, nami nitasema hivyo hivyo."

Getini zilisikika sauti za wanaume, nzito, zinauliza njia.

Arlette hakugeuka kumwangalia baba yake. Alikuwa bado ananiangalia mimi, mdomo wangu.

"Papa," akasema, "waambie wangoje. Bado hajanijibu."